Permis Niliipeleka Mwenyewe, Mama

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye usukani wa Fuso, hapa Masisi, wapakiaji wakiteremsha chumvi na sabuni nyuma yangu. Najua ungenicheka. Ungesema, "Neema, kama unanikumbuka si uombe? Hiyo karatasi itanifikia na nani?" Lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukilisalimia shamba kila asubuhi kabla ya kupiga jembe la kwanza, na mimi sikuwahi kukuuliza lilikujibu nini. Basi niache niandike.

Nina habari ambayo sitaki uipate kwa mtu mwingine. Permis yangu ya kuendesha ilishikwa. Usishtuke, kaa kwanza. Haikuwa pombe, haikuwa kugombana na polisi, na sikuiba cha mtu. Miezi mitatu sikugusa usukani. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba permis hiyo niliipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, na bado nikifikiria siku ile najisikia vizuri. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana najua hupendi mtu anayeanzia katikati.

Unakumbuka Jumapili ya mavuno, mwaka nilipopata permis? Kila mtu wa Muheto alileta chake mbele ya kanisa: maharage, mihogo, maboga, kuku aliyefungwa miguu. Wewe ulibeba kikapu cha maharage, na juu ya maharage ulikuwa umeweka permis yangu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, natamani ardhi ipasuke. Pasta akaichukua, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Mama Neema, na hii nayo ni mavuno?" Ukamjibu bila kupepesa, "Ndiyo Pasta, na hii iko ya shamba yangu." Kanisa zima likacheka. Wewe ukarudi kwenye kiti chako polepole sana, Mama, polepole kuliko kawaida yako, ili hata wale wasioona vizuri wakuone. Mwanamke aliyezeeka na jembe, ambaye hakusoma hata darasa moja, na binti yake ni dereva wa lori. Nilikasirika siku ile. Leo ningelipa kukuona ukitembea tena vile.

Na unakumbuka safari yako pekee katika gari langu? Ulipanda Muheto kwenda Sake kumwona dada yako. Uliimba nyimbo za kanisa kwenye kila mteremko na kunyamaza kwenye kila mwinuko, na kila ulipoona mbuzi ulinipigia kelele nipige honi. Halafu lori likazimika kwenye mlima, matope mpaka kwenye rimu. Amani, msaidizi wangu wa gari, akaruka chini na kuweka mawe nyuma ya matairi ili tusirudi nyuma, kama tunavyofanya sote huku. Gari likawaka, tukapanda. Tulipofika juu nikageuka, wewe hukuwa kwenye kiti. Ulikuwa umeshuka kule chini, unasukuma yale mawe pembeni kwa mikono yako, kitenge kimejaa tope, na madereva wengine wanakucheka. Ulipanda ukihema, ukaniambia, "Shambani nikitoa jiwe, sitalitupa kwa njia ya jirani. Mwenye aliweka njo anaondoa." Amani alikusikia. Tangu siku hiyo alikuwa anabaki nyuma, anaondoa mawe yote, kisha anatukimbilia mpaka kileleni. Sikuwa nasimama kumsubiri katikati ya mlima, unajua lori likisimama pale linateleza. Nilikuwa namsubiri juu.

Sasa sikia kosa langu.

Ilikuwa baada ya kukuzika, kama miezi minne hivi. Tulikuwa tunapanda mwinuko wa karibu na Kingi, mvua inapiga, nimebeba saruji na chumvi, na nyuma yangu kuna malori matatu yanapiga honi kama yamepagawa. Gari likazimika. Amani akaweka mawe matatu. Likawaka, nikaanza kupanda. Kwenye kioo nikamwona Amani ameshaondoa la kwanza, ameondoa la pili, ameinama kwenye la tatu. Na mimi, Mama, mimi mwenyewe, nilitoa kichwa dirishani nikampigia kelele, "Amani, panda! Acha, panda tuende!" Aliniangalia mara moja. Kisha akaacha, akakimbia, akapanda. Tukaenda mpaka Masisi.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Dereva wa pikipiki mmoja wa Kingi, Papa Yeremia, alikuwa anashuka na gunia la maharage nyuma yake. Akalipiga lile jiwe. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilipata habari hapa hapa nilipokaa sasa, wakati wanaume wanakunywa chai na kusimulia. Walisema polisi wa barabara, roulage wetu, wanatafuta lori lililoacha jiwe, lakini watalipata wapi, jana yalipita malori zaidi ya kumi. Kila mtu akakubali kwamba halitajulikana. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, na chai ilikuwa inamwagika kwenye viatu vyangu.

Sitakudanganya kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa polisi. Nilikimbilia kwa patron, mwenye lori. Nilimkuta dukani kwake, nikamweleza yote. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema kwa sauti ya mtu anayenionea huruma, "Neema, nani alikuona? Nyamaza. Na kama roho inakusumbua sana, sema ni Amani aliacha jiwe. Kuondoa mawe iko kazi yake. Yeye hana permis, watamukamata nini? Wewe ukisema, permis inaenda, na mimi siwezi kuacha gari yangu ilale."

Mama, alikuwa na hoja. Nililala na hoja hiyo siku mbili, nikiikunja na kuikunjua. Amani hana permis ya kupoteza, kweli. Karatasi ingeandikwa jina lake, angekemewa, angerudi kazini. Na mimi bila permis ni nani huku? Wanaume wangapi wanangoja siku nitakayoshindwa waseme, "Si tulisema, lori si la wanawake"? Nilifika hata nikamwita Amani nimwombe. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye watoto watatu, mikono yake imejaa makovu ya mawe yangu, akasema tu, "Dada, kama unataka nitasema ni mimi. Lakini wewe unajua nilikuwa nimeshainama."

Nilishindwa kumwangalia. Ule ndio wakati niliokukumbuka, Mama, na si kwa maneno yako ya busara. Nilikukumbuka ukirudi kwenye kiti chako kanisani, umenyoosha shingo. Nikajiuliza, ile shingo ilikuwa imenyooshwa kwa sababu gani? Kwa karatasi yenye picha yangu? Hukujua hata kuisoma. Ulikuwa unawaonyesha watu mtoto uliyemlea. Nikiweka kosa langu juu ya mgongo wa Amani, karatasi nitabaki nayo, lakini wewe utakuwa umetembea bure. Nikaona haya, kisha nikakasirika, na hasira yangu, unaijua, ikishaanza haiulizi njia.

Nikaenda. Afisa wa roulage alikuwa anakula mkate. Nikaweka permis juu ya meza yake, nikasema jiwe la Kingi ni langu, na mtu wangu alitaka kuliondoa, mimi nikamkataza. Akaacha kutafuna. "Dada, nani amekutuma?" Nikamwambia hakuna. "Kuna mutu amekutisha?" Hakuna. Akatazama nyuma yangu kama mtu anayetafuta ndugu walionileta kwa nguvu. Kisha akatafuta kalamu, na kalamu ya kwanza haikuandika, ya pili vilevile, ikabidi nimpe yangu. Akaandika PV, ile karatasi ya kosa: kuacha kizuizi barabarani, mtu kaumia. Baada ya wiki tatu ofisi ikatoa uamuzi: permis isimamishwe miezi mitatu, nilipe faini, na nimhudumie aliyeumia. Nilisaini. Kwa kalamu yangu mwenyewe, Mama. Nilitaka ujue hilo.

Miezi hiyo mitatu niliilima. Nilirudi Muheto, nikachukua jembe lako lile la mpini mfupi, nikapanda maharage kwenye kipande cha juu ambacho kaka alikuwa amekiacha kiote magugu. Mgongo ulinikumbusha kwa nini nilikimbilia lori. Malori yalipita chini ya kilima, na madereva wakanipigia honi. Wengine kwa upendo. Wengine walipaza sauti, "Eh, mwenye alijifunga mwenyewe!" Na mimi nikawajibu kwa jembe juu, "Bora mimi najua siku nitafunguliwa!" Walicheka. Mmoja alisimamisha gari akaniletea sukari.

Kwa Papa Yeremia nilienda kila Jumamosi. Mara ya kwanza mke wake hakunikaribisha. Aliniacha nisimame mlangoni na kikapu, akasema, "Uko na miguu mizuri, wewe." Nilistahili. Yeremia mwenyewe alitazama ukuta. Mara ya tatu ndipo alipozungumza. "Nilikuwa nasema ni Mungu," akaniambia. "Usiku mzima namuuliza Mungu nilikukosea nini. Afazali ulikuja. Sasa najua ni wewe, Mungu namuacha apumuzike." Nilicheka na kulia pamoja, na yeye akacheka, na mke wake akaniletea kiti. Bado anachechemea, Mama. Sikuandikii kwamba kila kitu kimepona. Lakini anaendesha tena, na watoto wake wananiita shangazi.

Patron alimpa lori mtu mwingine. Nililitazama likipita na mtu huyo kwenye kiti changu, na siku hiyo nililima vibaya. Lakini ungempenda dereva yule, angekuchekesha. Hakuwahi kukosea hata mara moja! Kioo kikivunjika, ni ndege. Tairi likipasuka, ni jua. Magunia mawili yakipotea, ni barabara mbaya imeyameza. Kabla hata miezi mitatu haijaisha, patron alipanda mwenyewe mpaka shambani, viatu vya mjini vimejaa matope, akasimama kwenye ukingo wa maharage akijikuna shingo. Akasema, "Neema, wakati utarudi, gari inakungojea. Nimechoka na mutu mwenye hana kosa." Nikamwambia nitarudi kwa sharti moja, kwamba Amani ndiye atakayeamua lini tunaondoka mlimani, wala si mimi na honi za watu. Akakubali haraka mno. Ningeomba na jingine.

Na Amani, mwache. Amechonga kabari mbili za mbao ya mkaratusi, kazifunga kwa kamba chini ya gari. Ukiondoka zinakufuata zenyewe, hakuna kinachobaki barabarani. Tulizipeleka mpaka Walikale, kwenye ile milima yenye utelezi, zikashika. Sasa madereva wanaopanda Rubaya wanamwagiza awachongee, naye amekuwa mtu wa kutafutwa, anatembea kifua mbele kuliko mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua permis. Afisa yule yule. Aliitoa kwenye droo, akaipangusa kwenye suruali yake, akasema, "Miaka yangu yote hapa, watu wanakujaka kulia kama wameonewa. Wewe peke ndiyo ulikuja kujichongea." Kisha akaniuliza, "Uko mutoto wa nani?" Sijui kwa nini swali hilo dogo lilinipiga hivyo. Nikalitaja jina lako, Mama, jina lako kamili, lile la ubatizo na lile ulilopewa na babu, ndani ya ofisi ile yenye watu wamejaa foleni. Nililitaja kwa sauti. Wote wakageuka.

Wapakiaji wamemaliza, Amani anagonga mlango. Lazima nikuage. Pumzika, Mama wangu, usihangaike na mimi kwenye miteremko. Kukuahidi kwamba sitakosea tena siwezi, maana barabara hizi unazijua, na mimi unanijua zaidi. Lakini nikikosea, hakuna mtu atakayenitafuta. Nitakwenda mwenyewe, kabla sijaulizwa, na nitasema mimi ni binti yako.

Neema wako