Kumngoja Jirani

Mjukuu wangu Muhindo,

Bado nasikia nyundo ikigonga kigingi cha mpaka kule Vuhovi. Sisi wa Butembo tu wazima. Mama yako amepona malaria. Umeniuliza, mimi koko wako, bibi yako wa ukoo ninayekupita miaka kumi tu, kwa nini niache ualimu, kazi ya kudumu, niuze viwanja.

Siku ya nyundo hiyo nilimsindikiza Mama Kavira, komisionere wa parsele, yaani dalali wa viwanja, aliyempeleka mnunuzi toka Beni kuona kiwanja. Tulimkuta muuzaji akigonga vigingi.

"Acha kwanza," Mama Kavira akamwambia. "Jirani hajafika."

Mnunuzi akakasirika. "Mama, tunachelewa! Bakomisionere beko bengi."

"Papa, utaishi na bajirani, hapana na mimi."

Tulingoja asubuhi nzima. Mzee jirani alipofika, alituonyesha kigingi kilichoingia hatua mbili ndani ya maharagwe yake. Mama Kavira aliking'oa kwa mikono yake, muuzaji akiwa amenuna. Nilidhani tumempoteza mnunuzi.

"Mama," mnunuzi akasema polepole, "hata kule Beni utanitafutia parsele."

Nimefundisha hesabu miaka sita, na sijaona kipimo kikiheshimiwa namna ile. Jumatatu nilimpa mkuu wa shule barua ya kuacha kazi, pamoja na ufunguo wa kabati la chaki.

Koko wako,
Masika