Kreni Isiyo na Kibanda

Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kambini. Sisi hatujambo. Goti la baba yako linamsumbua mvua ikinyesha, na isiponyesha linamsumbua kwa sababu anaisubiri. Wewe je? Unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula?

Naandika kwa sababu simu unanikatia ukiitwa kikaoni. Barua huwezi kuikata. Utaisoma yote, hata ikikuuma.

Jana wametubandikia tangazo kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Linasema gati lenu jipya likifunguliwa, kreni zake hazitakuwa na kibanda cha dereva kule juu. Dereva atakaa chumbani, hapa hapa mjini kwetu, kwenye lile ghala kuukuu linalokarabatiwa, aangalie skrini na kuendesha kreni iliyoko huko kwenu, mwendo wa nusu siku. Gati letu litabaki la mbolea na saruji. Sisi madereva wa sasa hatuhamishwi. Anayetaka aombe kama mtu wa mtaani, afanye mtihani mara moja, basi.

Kimya, yule dereva mwenzangu ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza, alilisoma tangazo kwa sauti, kisha akanigeukia. "Mama Mhandisi, hii lugha mbona kama naijua? Si ndivyo mwanao anavyoongea?" Nikamwambia wahandisi wote wanaongea hivyo, ni maradhi wanayoyapata chuoni.

Mwanangu, nimeomba. Usiniulize umri, unaujua, sehemu kubwa yake ulikuwepo. Nimepanda ngazi za kreni ile tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Nimezoea sakafu ya kioo kati ya miguu yangu, na dunia nzima chini ya viatu: kontena, trela, foremani na upara wake. Sijamalizana na kazi hii, na sitaki kuagwa kwa kupewa mkono na saa ya ukutani.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Ni mimi,
Mama yako

*

Kambini, 20 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na goti la Baba limepumzika. Mimi mzima, na nakula.

Tangazo nililiandika mimi. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla Kimya hajathibitisha.

Naomba unielewe. Hapa hatujengi gati la meli zinazokuja sasa. Tunajenga la meli ambazo bado hazijaundwa. Tumechimbia nguzo chini kuliko kina cha leo kinavyotaka, ili siku meli zikiwa nzito zaidi tuongeze kina bila kubomoa. Reli za kreni tumeziachanisha upana ambao wageni wakija wanadhani tumekosea kupima. Meneja wetu, tunayemwita Utepe kwa sababu anachokiona kwenye kila mchoro ni pale atakaposimama na mkasi, ananiuliza kila wiki, "Hizi nguzo zote za chini nani atazipiga picha?" Namjibu hakuna. Bado nazichimbia. Mimi nimepanga miaka arobaini, Mama.

Kwenye meli hizo dereva atainua kutoka juu sana, na upepo huku haucheki na mtu. Sitaki binadamu akae kule. Kwa hiyo chumba. Na gatini hakuna atakayetembea kreni ikifanya kazi. Tumepiga mstari wa njano, na atakayeuvuka haingii gatini wiki nzima, hata awe nani. Nimeiandika mwenyewe sheria hiyo, na juzi imemkumba mgeni wa Utepe aliyekuwa anatafuta mtandao wa simu.

Kuhusu mtihani: Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika. Kaa na Baba. Ila kama umeshaomba, tafadhali usimwambie mtu yeyote pale kwamba wewe ni mama yangu. Nikionekana nimekubeba, kila nguzo niliyoipigania wataitilia shaka.

Nyumbani sitaweza kuja mwezi huu. Wala ujao.

Mwanao

*

Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako anakusalimu, anasema kukaa naye si kazi ya mchana kutwa, ana shughuli zake.

Nimefeli.

Nakuhadithia vizuri, maana najua hukuwepo, na najua karatasi uliyoletewa ina alama tu. Wametuingiza kwenye ghala. Pazuri, pana baridi kama duka la nyama. Dirisha hamna. Kiti kimetulia kama kiti cha kinyozi. Mbele yako skrini, mkononi vishikio viwili, na wanakwambia: haya Mama, shusha hili kontena juu ya trela. Kreni yenyewe ya kuigiza, hakuna wa kuumia.

Nikalishika kontena, nikalileta, nikafika juu ya trela. Na hapo, mwanangu, nikafanya ninachofanya siku zote. Nikatazama chini kati ya miguu yangu.

Nikaona zulia.

La bluu. Lina vidoti. Nikalitazama zulia lile kama mtu aliyepotelewa na hereni, na huku juu kontena linaning'inia. Nilipokumbuka kuinua kichwa, nilikuwa nimeshalilaza trela ubavu. Nikarudia, nikatazama zulia tena. Kichwa kinajua, shingo haijui. Aliyefuata Kimya. Naye zulia. Akalisemesha kabisa, "Wewe nawe unafanya nini hapa?" Wote tulioshuka kwenye kreni za zamani tumefeli kwa zulia lile lile. Waliopita ni wawili ambao hawajawahi kuiona meli ila kwenye kalenda.

Sikukasirikii kwa mtihani. Umetungwa sawa. Na sijamwambia mtu wewe ni wa nani, ingawa mlinzi wa getini amesema pua hazifichiki.

Ninachokasirikia ni kitu kimoja. Umepanga meli za miaka arobaini ijayo, meli ambazo mama zao bado hawajaposwa. Mimi niliye hai hukunipangia hata mwezi mmoja wa kujifunza. Nguzo umezipa nafasi ya kuongezewa kina baadaye. Dereva je? Au sisi ndio tunaobomolewa?

Upendeleo siutaki. Mkitushushia alama nitaondoka mwenyewe. Nataka muda wa kufundishwa, sisi wote, kisha mtihani ule ule. Tumekuandikieni rasmi, barua imesainiwa na madereva wote, imekuja kwa ofisi yenu. Usinijibu kama mwanangu. Jibu kama mhandisi.

Ni mimi,
Mama yako, mwombaji aliyeshindwa

*

Kambini, 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Poleni kwa kimya changu (siyo yule Kimya). Natumaini mu wazima. Mimi nimepungua kidogo, usimwambie Baba, atatuma unga.

Barua yako niliiweka mfukoni wiki kadhaa nikiwa nimekasirika. Kisha nikafungua ratiba yangu kuu, ile niliyokuwa najivunia, ambayo ina nafasi ya kila kitu: ya saruji kukauka, ya kreni kufungwa, hata ya rangi. Nikatafuta mahali nilipowaweka madereva wa zamani. Sikuwaweka popote. Sikuamua kuwatupa, Mama. Nilidhani tu mtapumzika, kwa sababu mimi ningependa upumzike. Nikaipanga bandari nzima juu ya dhana hiyo.

Nikapeleka kwenye kikao cha wakuu ombi la miezi mitatu ya mafunzo. Utepe akaruka. "Unanisogezea ufunguzi kwa ajili ya watu wanaotazama zulia?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa upole wa mtu anayechimba shimo, "Mhandisi, kuna ndugu yako kwenye orodha hiyo?"

Nikasema, "Mama yangu mzazi."

Nikawaeleza kwamba kuanzia siku hiyo najitoa kwenye mafunzo, kwenye usahihishaji, kwenye kupanga zamu. Majina yasinifikie, nipewe namba tu. Kisha nikarudi kwenye hoja: anayejua upepo na uzito tayari, tunamfukuza kwa kukosa miezi mitatu, halafu tunaanza kumtafuta mwingine? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wamekubali. Ufunguzi umesogea, na Utepe sasa hanisalimu, jambo ambalo limenipunguzia kazi.

Ila sikiliza. Mtihani ni ule ule, alama zile zile. Lile ombi mlilotia mwishoni mwa barua yenu rasmi, la kuwekewa skrini chini kati ya miguu, nimelikataa. Mtu hawezi kukaa zamu nzima shingo imeinama. Na dirisha mliloomba pia hapana, mwanga utaziua skrini. Umesema nijibu kama mhandisi.

Kwa sababu ya ratiba mpya, kuja nyumbani sahau kwa sasa. Baba atanisamehe. Wewe sina uhakika.

Mwanao

*

Nyumbani, 28 Agosti

Mwanangu,

Tu wazima, na tunakuombea uzima.

Mafunzo yanaisha. Kuhusu skrini ya miguuni, nilikutukana wiki nzima, kisha shingo ikaniambia una haki. Kuhusu dirisha bado nakutukana, lakini kwa sauti ndogo.

Nakwambia ninavyojifundisha nyumbani. Baada ya kula nakaa kwenye kiti mbele ya ukuta, mikono kwenye miiko miwili, na macho kwenye msumari wa kalenda. Baba yako anakaa pembeni na redio yake. Nikitazama miguu, anakohoa. Mwanzoni alikohoa mpaka jirani akaleta asali. Sasa ameshazoea, hawezi kuacha. Juzi tumekwenda msibani, nimeinamisha kichwa kama watu, akanikoholea mbele ya wafiwa. Nikainua kichwa juu. Wakadhani nina majivuno.

Kimya ameacha. Alisema kazi ambayo huwezi kumpigia kelele mtu wa chini si kazi. Amefungua duka la vipuri vya pikipiki, na wateja hawaondoki kwa sababu hajamaliza sentensi. Namkumbuka, lakini sikumfuata.

Juzi, kwenye mtihani wa majaribio, nilifeli tena. Si kwa zulia. Kiti hakitikisiki, mwanangu. Kule juu kontena likianza kubembea nalisikia kwa makalio kabla sijaliona. Hapa makalio hayana habari yoyote. Kwa hiyo nayafundisha macho kazi ya makalio, na yanalalamika, yanasema hayakuajiriwa kwa hilo. Yatajifunza tu. Nimefundisha wagumu kuliko hayo, wewe mmojawapo.

Mtihani wenyewe ni wiki ijayo. Matokeo sitakuandikia. Ukijua nimepita utanipigia simu kila meli ikija, ukijua nimefeli utakuja na lile neno lako, kupumzika. Wewe jenga. Kama nipo, nipo.

Ni mimi,
Mama yako

*

Kambini, 11 Desemba

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Nimekaa tangu Agosti bila barua yako, na nimetii, sikuuliza. Baba nilipompigia alikohoa tu, nikashindwa kujua ni jibu au ni mazoea.

Leo meli ya kwanza imefunga gatini. Utepe amekata utepe wake, akapigwa picha, akaondoka. Mimi nikabaki. Nilitaka kuona kontena la kwanza.

Kreni zikaanza kutembea, na kule juu hamna mtu, Mama. Inatisha kidogo, hata kwa aliyeichora. Kwenye karatasi yangu madereva ni namba. Nikaziangalia kreni zote, sikuona tofauti, nikasogea mbele nione vizuri. Kisha ile ya kati ikashusha kontena, likafika juu kidogo ya trela, likasimama. Kama mtu anayevuta pumzi. Nikarudi nyuma nikifuta machozi, halafu ndipo likakaa, bila mshindo.

Unakumbuka unavyoweka sahani mezani? Unaifikisha, unaisimamisha kidogo hewani, ndipo unaiweka. Nilikuwa nakuona hivyo hivyo gatini nikiwa mtoto, nimeshika waya wa uzio. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nilijua ni wewe. Nimesimama pale gatini nikilia, mtu mzima na kofia yangu ngumu.

Niambie kama ni kweli.

Mwanao

*

Nyumbani, 16 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Tu wazima wote, na kikohozi cha baba yako.

Ni kweli, nilikuwa mimi. Nimepita, na sikuokotewa alama hata moja.

Lakini ile pumzi unayoisifia sijui umeitoa wapi. Sahani sijui mimi huwa naziwekaje, nikiweka huwa nina njaa. Nilisimamisha kontena kwa sababu kwenye skrini nimeona mjinga amevuka mstari wa njano na kusimama pale anatazama juu, mdomo wazi. Nikakuza picha nimjue. Nikakuta nimemzaa mwenyewe.

Nilisubiri mpaka uliporudi hatua moja kufuta machozi, ndipo nikashusha.

Msimamizi wa zamu aliniuliza, "Mama, ni nani yule?" Nikasema simjui, kwenye kazi hii sina ndugu. Nikaandika ripoti, nimeisaini kwa namba yangu. Nadhani itakufikia siku moja na barua hii. Sheria unaijua, uliiandika mwenyewe: wiki nzima huingii gatini, hata uwe nani.

Wiki hiyo njoo nyumbani. Kitanda chako nimekitandika.

Ni mimi,
Mama yako