Ndengu Ndani ya Boksi la Salim

Jumamosi, jioni. Embu imeshinda na manyunyu tangu asubuhi, ile baridi ya Julai inayokufanya uvae koti hata ndani ya nyumba. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa matope ya uwanjani, mgongo unauma, na roho imetulia kuliko nilivyotarajia.

Shajara, leo nina mengi ya kushukuru. Lakini acha nianze na lile ninaloogopa kulisema.

Sikio langu la kushoto linaenda. Daktari aliniambia kwamba miaka ya kukaa ndani ya magari nikijaribu spika imelichosha, na la kulia litalifuata nisipokoma. Wawira, mke wangu na mama wa mtoto wetu Igoki, nilimwambia tu kwamba nimekatazwa makelele. Kwamba la kushoto limebaki pambo, hilo sikumwambia. Mezani nimekuwa nikiitikia "mm" bila kujua nimekubali nini. Kuna siku niligundua nimekubali kupaka jikoni rangi ya waridi.

Salim sikumwambia chochote.

Salim ni msafirishaji kutoka mji wa Maua, mtu wa swala tano na muziki mzito, mambo mawili ambayo yeye husema hayagombani. Alinipa gari lake la Probox nimtengenezee boksi la sabufa, ile spika ya sauti nzito, la kwenda nalo mashindano ya sauti hapa Embu. Mashindano yenyewe hayajali wimbo. Maikrofoni inabandikwa kwenye kioo cha mbele, milango inafungwa, unapiga noti moja nzito, na kifaa kinasoma nambari. Mwenye nambari kubwa ndiye bingwa.

Watu hudhani nguvu yote iko kwenye spika. Boksi lina kazi kubwa pia. Ukubwa wake, na upana na urefu wa ule mdomo wa kutolea hewa, ndivyo vinavyoamua ni noti gani itanguruma zaidi. Tena ubao ukitikisika, unakula nguvu ambayo ingetoka kama sauti. Zamani nilikuwa nikiingia garini, nafunga mlango, nasikiliza ni wapi ubao unalalamika. Sasa siwezi. Nimelala na swali hilo siku nyingi: fundi wa sauti asiyeweza kusikiliza ni fundi wa nini?

Ndipo nikakumbuka ndengu.

Mama yuko Gachoka, na kila akivuna hututumia gunia. Nililaza boksi kwenye karakana yangu hapa mtaa wa Majimbo, nikamwaga ndengu juu yake, kisha nikatoka nje na vizibo masikioni. Nikapiga noti huku nikichungulia dirishani. Pale ubao ulipokuwa dhaifu, ndengu ziliruka kama watu wa harusini. Pale ulipokuwa imara, zilitulia. Nikawa nafungua spika, naongeza kipande cha mbao ndani, nafunga, natoka kutazama tena, mpaka karibu zote zikalala. Nilijiona nimeshinda sikio langu. Mama alipopata habari hizo kwa simu, alisema kwa Kimbeere kwamba ndengu alituma tupike, hakutuma tuzipeleke disko.

Leo Wawira naye amekuja uwanjani. Hajawahi. Alisema amechoka kufagia vumbi la mbao bila kujua linaelekea wapi.

Kila gari hupewa nafasi mbili, na ile iliyo bora ndiyo huhesabiwa. Zamu yetu ilipofika nilisimama mbali, nyuma ya kamba, na vizibo vyangu. Mngurumo ulinifikia kifuani ukiwa safi. Nikaanza kutabasamu. Mara ukakatika katikati, Salim mwenyewe akiwa ameuzima.

"Fundi, ni nini hiyo inalia huko ndani? Spika imeungua?"

Nikatoa vizibo, nikasogea. Akapiga noti tena, kwa sauti ya chini. Nikainama, nikageuza kichwa huku na huku. Niliusikia mngurumo peke yake.

"Sijasikia kitu," nikasema.

"Husikii? Mbona kila mtu hapa anasikia?"

Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, daktari aliniambia, na kumbe hata sikio la kulia limeanza kuzipoteza. Nikatazama nyuso za watu waliotuzunguka, nikaona kweli wote wanasikia. Nilihisi aibu ambayo sijui niiandikeje.

Wawira alikuwa nyuma yangu na mwavuli. Akasema polepole, "Hizo ni ndengu. Ziko ndani ya boksi."

Yeye huzipepeta kwenye uteo kila wiki, angezitambua hata usingizini. Mdomo wa boksi uko upande wa juu, kwenye kona. Katika lile jaribio la mwisho baadhi ziliruka zikaingia humo, nami kwa furaha nikafuta zilizobaki juu nikafunga kazi.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na ndengu.

Nilimwambia Salim yote palepale, kwenye matope, Wawira akisikiliza. Kisha nikangoja achukue funguo zake aende kutafuta fundi mwenye masikio. Alimtazama Wawira, akatazama gari.

"Basi tufungue," akasema. "Tuko na dakika kidogo."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jamaa wa kutoka Meru tuliokuwa tukishindana nao wakaleta bisibisi. Tukatoa spika, tukapindua boksi, ndengu zikamwagika kwenye leso ya Wawira. Mmoja akauliza sufuria iko wapi. Nilicheka mpaka machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

Tulipofunga, Salim alipiga noti kwa sauti ya chini, Wawira akainamia boksi, akasema ni safi. Akaja kusimama nami nyuma ya kamba, nikampa vizibo vya akiba. Kisha walewale wa Meru wakavaa vyao, wakaja kuegemea milango na paa ili bati lisitikisike. Ndiyo desturi ya mchezo huu: leo unamshikia mwenzako, kesho anakushikia.

Tumekuwa wa tatu.

Salim, akifunga gari, akaniambia, "Niko na gari lingine Maua, utalitengenezea boksi pia. Lakini Mama Igoki akuje asikilize."

"Mama Igoki ako na kazi zake," Wawira akajibu. "Lakini atakuja."

Namshukuru Mungu kwa Salim. Nawashukuru wale wa Meru, ambao majina yao hata sikuuliza. Namshukuru Mama na gunia lake. Na nimeazimia kutoingia tena kwenye gari linalojaribiwa.

Tumekula sasa hivi, wali na ndengu, zile za gunia. Za ndani ya boksi wamepewa kuku. Tangu tuoane Wawira hukaa kushoto kwangu, karibu na mlango wa jikoni. Leo amebeba sahani yake, akazunguka meza, akakaa kulia. Akaanza kunisimulia mambo ya nyumbani kwa sauti yake ya kila siku, na nikasikia kila neno.