Birika Limevuka, Mimi Sivuki

Port Hazen, New Brunswick
Machi 11

Mdogo wangu mpenzi Greta,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe pamoja na shemeji Wendell. Natumaini mnaendelea vizuri, na kwamba goti lako limepungua uvimbe tangu tulipozungumza. Sisi huku ni wazima. Theluji ya kando ya barabara imeanza kulainika, lakini mto bado una barafu pembezoni, na kila asubuhi nikiosha vyombo naliona paa la kanisa lenu la Ellsford ng'ambo, upande wenu wa mpaka, mahali pake palepale. Mwanangu Hollis anakusalimu. Anasema umwekee ile mikate yako ya mdalasini, kwa sababu mama yake hajui kuoka. Nimemjibu kwamba mwanamume wa miaka arobaini anayekula kwa mama yake hana haki ya kuchagua.

Sikupenda tulivyoagana kwenye simu. Uliniambia kwamba nimegeuka bibi kizee wa siasa, kisha ukakata kabla sijajibu. Karatasi haina kitufe cha kukata, kwa hiyo nitajibu hapa, nawe tafadhali usome mpaka mwisho.

Tangu wakubwa wenu wa Washington walipoanza kutoza ushuru mbao zetu, na kutamka hadharani kwamba nchi yetu ingefaa iwe jimbo lenu, watu wa hapa wamebadilika. Hawapigi kelele, unatujua. Dukani kwa Lockhart, chupa za maji ya machungwa ya Florida zimesimamishwa kichwa chini kwenye rafu. Mzee Lockhart anasema hamkatazi mtu kununua, ila anataka mnunuzi apinde shingo kidogo anaposoma jina. Majirani zangu waliozoea kukaa Florida majira yote ya baridi wamefunga mizigo na kurudi mapema, na sasa wanailalamikia baridi yetu kama wageni. Kwenye kiwanda cha mbao anakofanya kazi Hollis zamu moja imeondolewa. Yeye bado ana kazi, lakini rafiki yake aliyekuwa akifanya naye kwenye msumeno hana. Zamani tulivuka daraja kwenda kununua petroli na maziwa tukiwa na ndara za nyumbani miguuni. Siku hizi ukisimama darajani unasikia maji yanavyopita chini.

Sasa nije kwenye birika.

Najua maana ya mwaka huu kwako. Daktari amekwambia kwamba baada ya msimu huu goti lako halitakanyaga barafu tena, na ulitaka kutelezesha jiwe lako la mwisho kuelekea shabaha, wenzako wakilifagilia njia barafuni, kwenye pambano la klabu yenu na yetu, ukiwa nahodha. Mwaka jana mlituletea birika, tukawashinda, nawe ukainywa chai niliyokupikia huku umenuna mpaka Wendell akauliza kama nimetia chumvi. Desturi ni ileile aliyoturithisha mama: aliyeshinda humpikia chai aliyeshindwa kwa birika lile la shaba, kisha pambano linalofuata hulivusha mto na kwenda kucheza kwenye barafu ya mwenzake. Kwa hiyo safari hii ilikuwa zamu yetu kuvuka.

Tulifanya mkutano klabuni, na nakuambia, hata mashine ya kahawa ilinyamaza. Mwanachama mmoja, ambaye nitamtaja baadaye, alisimama akasema kwamba hao wakubwa wa Washington hawajui hata kama Port Hazen ina barafu, na kwamba tukikaa nyumbani tutakuwa tumemkomoa Greta na goti lake, basi. Mke wa Lockhart akamrukia, akamwambia akavuke peke yake na ndoo ya rangi, alipake daraja bendera anayoitaka. Yule naye akamjibu kwamba afadhali ndoo ya rangi kuliko kugeuza chupa za juisi na kujiita askari. Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mwanamke mmoja ambaye mumewe ameachishwa kazi kiwandani alisema kwa sauti ndogo kwamba hana ugomvi na mtu yeyote wa Ellsford. Hawezi tu kwenda kufurahi mahali ambapo nchi yake inazungumzwa kama kiwanja kinachotafuta mnunuzi.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Zikawa sawa kwa sawa.

Wewe ulipata tangazo lenye jina la mwenyekiti wetu, Bernice Tuttle, likisema kwamba hatuji. Kwenye simu ukasema kwamba Bernice ana roho mbaya, kwamba alikuonea wivu tangu shuleni kwa sababu ya nywele zako, kwamba ametuchochea wote, na kwamba tumelikalia birika kwa kuogopa kunyang'anywa. Nilikuacha useme. Nilikusudia kukujibu ulipofika kwenye birika, lakini ndipo ulipokata.

Katika mchezo wetu hakuna refa, Greta. Ukiligusa kwa ufagio jiwe linalokwenda ni kosa, nawe hungoji kuonwa. Unasema mwenyewe, hata kama ukumbi mzima ulikuwa umeangalia pembeni. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Basi nasema. Aliyesimama kukutetea wewe na goti lako, akataka twende, alikuwa Bernice Tuttle. Kanuni za klabu zinasema kwamba kura zikifungana, nahodha ndiye anayeamua. Nahodha ni mimi. Niliamua tusivuke.

Sikuamua kwa hasira, wala sijutii. Nilimtazama yule mwanamke ambaye mumewe ameachishwa kazi, nikakufikiria wewe, nikajua kwamba mmoja wenu ataumia kwa mkono wangu, nami nikamchagua ambaye anaweza kunigombeza kwa simu na bado akabaki ndugu yangu. Mpaka watakapoacha kutusema kama mali isiyo na mwenyewe, miguu yangu na fedha zangu zitabaki upande huu. Hili ni langu. Usimtwike mtu mwingine.

Lakini kukaa na birika ambalo sikulivusha ni kitu ambacho siwezi. Unakumbuka baba alivyokuwa akivua glavu? Akiona mchezo umemshinda hakungoja jiwe la mwisho. Aliivua glavu ya kulia, akaweka ufagio chini, akaenda kwa nahodha mwenzake na mkono mtupu. Nami nimevua. Pambano la mwaka huu nimekubali kushindwa: Ellsford wameshinda. Wenzangu wote wameafiki, hata mke wa Lockhart, baada ya kuguna.

Birika limo ndani ya sanduku lililokuja na barua hii. Nimelisugua mpaka Hollis akaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Na sasa, kwa kuwa birika ni lenu, desturi inasema ninyi ndio mtakaolivusha na kuja kucheza kwenye barafu ya walioshindwa. Desturi inataja pambano linalofuata; haisemi popote kwamba lazima mwaka upite katikati. Tumeamua kutoiyeyusha barafu yetu mpaka Pasaka. Usiseme nimekufanyia hila. Nimekufanyia.

Ulisema kwamba nisipovuka kwako, nawe huvuki kwangu. Ni haki yako, na sitakusihi. Nakukumbusha tu kwamba ulizaliwa huku, na ufagio wako wa usichana bado umetundikwa klabuni kwenye ndoano iliyo karibu na dirisha. Hakuna aliyethubutu kuuondoa. Jumamosi saa nne asubuhi nitasimama upande wetu wa daraja. Sitakuwa na glavu mkononi, kwa hiyo usinicheleweshe kwenye baridi.

Msalimie sana Wendell, mwambie chumvi nimeificha. Wasalimie wenzako wote wa klabu, uwapongeze kwa ushindi.

Limebaki jambo moja. Aliyekuletea sanduku na barua hii ni Bernice mwenyewe. Amevuka kumwona binti yake aliyeolewa huko, na hakuna aliyemzuia. Kama nakujua vizuri, umechukua barua mlangoni ukaanza kusoma, naye bado amesimama hapo kizingitini, theluji ikimyeyukia kwenye viatu. Mwingize ndani. Yeye ni wa timu iliyoshindwa, na birika unalo. Hutumia maziwa mengi, sukari kidogo.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,

Verna