Sanduku Ulilolitengeneza kwa Vidole

Mume wangu, Papa Zaina,

Mwaka umepita tangu tukuzike, na kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Linahusu sanduku la yule mzungu wa boti. Nimekaa barazani kwetu Tshopo, mvua imekatika sasa hivi, nami nimeona nikuandikie kabla sijaogopa tena.

Ilikuwa wakati bwawa la umeme linajengwa huku kwetu mtoni, na baruti zao zilikuwa zinatikisa sufuria zangu. Nilikuwa natwanga pondu, yale majani ya muhogo, uliporudi saa nne asubuhi, saa ambayo hukuwahi kurudi. Macho yako yalikuwa yameota utando mweupe. Mimi nilikuwa nimejua zamani, maana ulikuwa unamimina chai pembeni ya kikombe. Siku ile yule Mgiriki mwenye karakana ya useremala ulikofanya kazi naye alikuwa amejua.

"Amesema nini?" nikakuuliza.

"Amesema: Salumu, macho yako iko mubaya, utakata vidole kwa mashine. Siku ya samedi ya mwisho wa mwezi unarudisha vyombo."

"Na wewe?"

"Nimemuomba kazi moja ya mwisho. Bon, amenipa ile mafundi wote wamekataa."

Ilikuwa kazi ya yule mzungu wa boti. Alikuwa anavuta zile sigara nene, zinazotaka unyevu kidogo tu. Ukizidi zinaota ukungu, ukipungua zinavunjika kama majani makavu. Sanduku lake la Ulaya lilikuwa limevimba kwa hewa ya mto wetu na kifuniko kimekwama. Alitaka lingine, lisilo na msumari hata mmoja, lisilopakwa rangi ndani, na lifunge hewa isipite.

Ukaingia chumbani ukavuta kutoka chini ya kitanda chetu ubao wa lifaki, ule mti mwekundu unaonukia kama viungo. Miaka saba ulikuwa unaukausha pale, na miaka saba nilikuwa najigonga mguu nikifagia.

"Mama Zaina," ukasema, "utaniwekea mistari."

Sikufurahi. Nakwambia kweli leo. Ndugu zangu kule Bangboka walikuwa wametutafutia shamba, nami niliona ni afadhali uache kabla watu hawajakucheka. Lakini nilikaa mbele yako kwenye mkeka. Mistari hatukuichora kwa kalamu. Niliichanja kwa ncha ya kisu, nikifuata ile pembe ya chuma ya kunyooshea mistari, ili ukucha wako uweze kupita ndani yake. Kisha unashika msumeno, unainamisha kichwa, unasikiliza. Ulijua kwa sauti tu kwamba umefika mwisho wa mstari. Mbao nyembamba za kutandika ndani ulizipima kwa kupitisha ukingo wake kwenye mdomo wako wa chini. "Hapa iko nene," ungesema, na randa ingetoa unyoya mmoja tu, mwepesi hadi pumzi yangu iliupeperusha.

Siku ya tatu tulifika kwenye meno ya pembeni, yale mapana nchani na membamba shinani, ambayo yakiingiliana hayachomoki tena. Nilichanja mstari, kisha nikaona pembe ya chuma ilikuwa imeteleza. Mstari ulikuwa umepinda. Ukaniuliza, "Iko muzuri?"

Nikajibu, "Iko muzuri."

Ndilo jambo lenyewe. Niliona, nikakudanganya. Nilitaka kazi ife tuende Bangboka tukalime kwa amani. Ukakata. Ulipojaribu kuunganisha, jino likacheza, na ubao mwingine hatukuwa nao.

Ulipitisha ukucha kwenye alama ya kisu changu, ukaurudisha, ukaupitisha tena. Nilingoja unitukane. Ukapangusa unga wa mbao kwenye paja.

"Tutakata kote, sanduku liwe fupi kidole kimoja," ukasema. Kisha ukanyoosha mkono na kunirudishia kile kisu. "Chanja tena, mama."

Kuanzia hapo sikupepesa macho. Nilichanja kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ulisugua mbao za nje kwa majani ya msasa mpaka zikateleza kama ngozi ya mtoto, na ndani ukaacha mti mtupu, unuke. Pembeni tukaweka kijaluba cha bati chenye sponji iliyolowa.

Na ile siku ya kifuniko! Ulikiinua ukakiachia. Nilifumba macho nikingoja kishindo. Hakikuja. Kifuniko kilikuwa kinashuka chenyewe, polepole, kwa sababu hewa ndani haikuwa na pa kutokea, na mwishoni kikashusha pumzi kama mtu anayepata usingizi. Ulicheka ukasema, "Kimetulia." Mimi nilikuwa nakutazama wewe, mtu niliyempikia miaka kumi na miwili, na nikaona sikuwa nimekujua.

Mgiriki alijaribu kuingiza karatasi kwenye ufa akakosa ufa. Hata hivyo alikuachisha kazi; mashine zake, alisema, hazijui vidole. Lakini wiki mbili baadaye mzungu wa boti alikuja mwenyewe hapa uani, akavua kofia mbele yako, akaomba la pili kwa ajili ya kaka yake. Baada yake walikuja wengine, na Bangboka hatukwenda. Utando ukafunika kila kitu, nawe ukaendelea kukata, nami nikichanja, mpaka ugonjwa wa kifua ulipokuchukua.

Miaka yote hiyo nilijiambia hukujua. Sasa ninapotengeneza masanduku peke yangu, ukucha wangu ukipita kwenye mstari, nasikia hata pale ulipopinda kwa upana wa unywele. Basi ulijua, Papa Zaina. Uligusa uongo wangu kwa kidole, na kisu ukanipa tena. Nimeona mambo mengi katika mji huu, sijaona jambo kubwa kuliko hilo. Nisamehe, ingawa naona ulishanisamehe palepale mkekani.

Jana alikuja karani mmoja anayetaka sanduku la kuwekea Kurani ya baba yake. Alichungulia ndani akauliza fundi yuko wapi. Nilifuta unga wa mbao kwenye kitenge, nikamwambia akae, anieleze vipimo.

Pumzika, mume wangu.

Mke wako,
Mama Zaina