Kofia ya Mchekeshaji

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kabati tumeamka salama, na kunde zimekubali. Mimi nguvu zimeisha ila moyo umetulia, kwa hivyo nikujibu ukweli kuhusu ile kofia uliyoniuliza, kabla sijaenda.

Yule mchekeshaji wa televisheni alikuwa jirani yetu. Nilimpelekea kunde kwenye kiondo, kikapu changu cha kusuka, na kwa kuwa kwetu kiondo hakirudishwi kitupu, kilirudi na tai yake, halafu miwani. Nikazidi kupeleka, nikiitamani kofia. Ikaja.

Jumamosi tukamwona kwenye televisheni ya dukani, kichwa wazi.

"Wewe mama, umemvua mtu kofia ya kazi!" babu yako akasema.

Nikakimbia kuirudisha. Akakataa, akaanza kuniita Mwalimu.

"Mwalimu, bila hiyo wamecheka zaidi."

Tangu hapo nilikuwa namwaga kunde mezani kwake na kutoroka na kiondo changu, naye akipiga kelele mlangoni, "Mwalimu, ngoja!"

Susu yako