Walinyamaza, Hawakukubali

Mjukuu wangu Kandida,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako mguu umepona. Anachuma kahawa na kugombana na kila mtu.

Ila swali lako limenikera. Umewauliza wazee wa huko kama taka zenye mionzi zifukiwe chini ya kilima chao, wamenyamaza, nawe unataka kuandika kwamba wameridhia? Hivi umesomea nini, jamani?

Miaka ile ya soko huria, wataalamu walitujia hapa Mbinga na swali hilohilo. Tukanyamaza. Kwetu jambo zito halijibiwi mbele ya mgeni. Hupelekwa kwanza kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, hadi kauli iwe moja. Kesho yake tukashuka na jibu: mashimo ya ngolo tunayachimba mashambani ili maji yazame, na yakishazama hutokea bondeni, kwenye chemchemi tunayokunywa. Tukakuta wameshaondoka. Ripoti yao ilisema, "Hakuna pingamizi."

Bahati tu hawakurudi kuchimba. Jibu letu bado ninalo, sina wa kumpa.

Rudi kwa wazee hao, Kandida. Safari hii ulale hukohuko.

Babu yako